Nilivyopata mkazo wa kale wa milima ya Alps nikiwa Nairobi

Milima kunjamano ilizaliwa kwa mabamba ya ganda la dunia kusukumana. Hilo tunafundishwa shuleni. Swali lililonikaa moyoni kwa muda mrefu ni jingine: nguvu hizo zilisukuma kutoka upande gani, na je, ziligeuka baadaye? Nguvu zenyewe, yaani mkazo ndani ya mwamba, zimepita mamilioni ya miaka, ila nyufa zilizosababisha bado zipo, na nyuso zake zina mikwaruzo iliyoachwa na mwamba ulipoteleza.

Mwenzangu anayesoma Ufaransa alinitumia jedwali la vipimo kutoka miamba ya chokaa karibu na Briançon, katika Alps za magharibi. Kwa kila ufa aliandika uso wake umeelekea wapi, umeinama digrii ngapi, mikwaruzo imelala vipi, na kama bonge la mwamba lililo juu ya ufa lilishuka, lilipanda au lilipita kando. Sikulifungua kwenye kompyuta mara moja. Nilitaka kwanza mkono wangu uzoee nyufa, nikashika barabara ya Magadi.

Ukishapita Kiserian kuteremkia Olorgesailie, Bonde la Ufa linashuka ngazi kwa ngazi, lava ikiwa imekatwa na nyufa nyingi za kutoka kaskazini kwenda kusini. Ni nyufa za mvutano: ardhi inatanuka, bonge moja linashuka. Mzee mmoja mchungaji alidhani natafuta madini. Nilipomwonyesha mistari kwenye mwamba alisema, "Basi njoo huku mwanangu, kuna ukuta wenye mistari mingi kuliko huo." Akanipeleka kwenye korongo, na ukuta ule ulinifaa kuliko kitabu chochote. Ulikuwa na mistari ya aina mbili: mmoja ukishuka wima, mwingine wa mshazari ukipita juu yake na kuukata. Ufa ni mmoja, lakini uliteleza mara mbili, kwa mikazo miwili tofauti. Mwanajiolojia Manfred Strecker na wenzake walieleza jambo la namna hiyo mwaka 1990: katika sehemu ya kati ya Bonde la Ufa la Kenya, mvutano uligeuka kutoka takriban mashariki-magharibi ukawa kaskazini-magharibi na kusini-mashariki.

Nikarudi mjini na jedwali la Alps. Hesabu yake inasimama juu ya wazo moja la wanasayansi Wallace (1951) na Bott (1959): mwamba huteleza juu ya ufa kufuata upande ambao mkazo unausukuma zaidi juu ya uso huo. Basi ukiwa na mikwaruzo, unaweza kurudi nyuma hadi kwenye mkazo. Mtaalamu wa Ufaransa, Jacques Angelier, aliiendeleza sana njia hii kuanzia miaka ya 1970. Vinavyotafutwa ni vinne: mielekeo ya mihimili mitatu ya mkazo (pande tatu ambazo mwamba unakandamizwa zaidi, kwa wastani na kidogo kuliko zote), ambayo huhitaji namba tatu, na uwiano unaoonyesha mhimili wa kati umekaribia upi kati ya mkubwa na mdogo. Kwa hiyo nyufa zisipungue nne, na zielekee pande mbalimbali; nyufa ishirini zinazofanana hazikupi kitu. Ukubwa wa mkazo wenyewe hutaupata. Nilitumia Win-Tensor, programu ya bure ya Damien Delvaux.

Programu itakubali chochote unachoilisha. Ukichanganya nyufa za vipindi viwili, itakutolea mkazo wa wastani ambao haukuwahi kuwepo. Kazi kubwa ni kuzitenganisha, na hapo maandishi ya mwenzangu yalikuwa dhahabu: alikuwa ameandika kila mahali ufa gani umeukata upi. Nyufa za kushuka zilikuwa zimezikata nyufa za kupandiana, yaani zile ambazo bonge la juu lilipanda, kwa hiyo zilikuja baadaye. Nilizitoa kwanza, nikazipigia hesabu peke yake. Mhimili mkubwa ukasimama wima, maana yake ardhi ilitanuka kwa pembeni: mvutano, katikati ya milima iliyojengwa kwa mkandamizo! Nililifurahia sana jibu hilo, kwa sababu matetemeko ya sasa karibu na Briançon nayo yanaonyesha ardhi ikitanuka. Yale niliyoyapapasa njia ya Magadi yalikuwepo hata huko.

Zilizobaki zilikuwa nyufa za kupandiana. Mihimili yake ilitoka imeinama ovyo, mpaka nilipozigeuza pamoja na tabaka, nikazirudisha tabaka zilale kama kabla ya kukunjwa. Hapo mhimili mdogo ukasimama karibu wima na ule mkubwa ukalala, kama inavyotakiwa kwa mkandamizo. Maana yake nyufa hizo zilitangulia mkunjo.

Wenzangu huniuliza kwa nini sikwenda Lukenya, kwenye miamba ya ukanda wa kale wa Msumbiji, mabaki ya mlima wa zamani, iliyo karibu nasi. Miamba ile ilipokuwa ndani ya mlima ilikuwa na joto kali, ikajikunja bila kuvunjika. Nyufa nyingi unazoziona leo ni za baadaye sana. Mkazo uliojenga mlima ule unahitaji njia nyingine.

Kwenye jedwali zimebaki nyufa chache za kupita kando ambazo hazikubali kundi lolote. Sikuzilazimisha. Nimeziwekea alama na kumwandikia mwenzangu azirudie akipanda tena, aangalie kama mikwaruzo yake imepita juu ya ile ya mvutano au iko chini yake.