Mirungi, Pancha na Mnyama wa Speke

Hoteli sitaki hata kuizungumzia. Djibouti ni ghali. Kwa faranga nilizotoa kununua maji ya chupa, nilianza kunywa kwa kuhesabu mafunda.

Nilikodi gari la kwenda Ziwa Assal. Tulikubaliana kutoka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu pektineta, mnyama mdogo kama panya niliyemfuata, huota jua asubuhi na jioni. Joto likikolea hujichimbia kwenye nyufa za mawe. Dereva alikuja saa tatu. Saa tano akaegesha kivulini, akazima injini. Mirungi kutoka Ethiopia ilikuwa haijafika, naye hasafiri bila fungu lake. Nikanuna. Pesa alishachukua, tena zote.

Tulitoka saa nane, tukakokotana na malori ya Ethiopia hadi kwenye mawe meusi ya volkano, na hapo tairi likapasuka.

Dereva akiwa anatafuta jeki, nikasikia mluzi mwembamba. Nilidhani ananipigia mimi kama mbuzi, nikageuka nimjibu. Akaonyesha kwa kidevu: juu ya jiwe, hatua kumi hivi, kijipanya kinene cha kijivu, masikio ya mviringo, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Kikajichana ubavu kwa mguu wa nyuma. Vidole vyake vina vinyweleo vigumu mithili ya kitana, na hapo ndipo jina lake la Kilatini, Pectinator, yaani mchanaji, lilipotoka. Jioni ilikuwa imeingia. Tusingesubiri mirungi, ningempita mchana amejificha!

Jina lake kamili ni pektineta wa Speke, na ni Speke huyuhuyu wetu, yule mpelelezi Mwingereza. Alipita Usomali 1854 na 1855, mnyama akaandikwa kitaalamu 1856. Miaka miwili baadaye akatokea Mwanza, leo ghuba yetu inaitwa jina lake. Nikawakumbuka pimbi wa kisiwa cha Saanane pale Mwanza, nao hulala kifudifudi juani vivyo hivyo. Ila pimbi wana ziwa chini yao. Huyu maji yake ni yale yaliyomo kwenye majani, na pale vichaka mbuzi walishavikwangua hadi vijiti. Hajafanyiwa utafiti mwingi. Kwa wengi ni panya tu.

Ziwa tulilifikia usiku. Mita 155 chini ya usawa wa bahari, nami sikuona kitu. Nilionja chumvi, nikalipia tairi.