Asilimia Kumi Yangu

Mwezi Juni mwaka 2015 nilikuwa mhasibu wa ruzuku katika idara moja ya sayansi ya tiba, kwenye chuo kikuu cha Marekani ambacho sitakitaja, na zilikuwa zimebaki siku tisa mwaka wa fedha ufungwe. Wahasibu wanazijua siku hizo. Mwenye gharama isiyo na pa kuilaza huileta kwa mhasibu, na mwenye salio huanza kuhofu kwamba litarudi serikalini. Asubuhi hiyo niliwekewa mezani taarifa za mgawanyo wa muda wa kazi, ambazo chuoni kwetu kila aliyelipwa mshahara kutoka fedha za serikali ya shirikisho alitakiwa kuzithibitisha kwa sahihi. Nilikuwa nikizipanga ili nizigawe kwa wenyewe, nikakuta na yangu imo. Ilisema kwamba tangu Januari asilimia 10 ya kazi yangu ilikuwa imefanywa kwa ajili ya ruzuku ya mafunzo ya utafiti, yaani sehemu hiyo ya mshahara wangu ilikuwa imetozwa ruzuku hiyo.

Ruzuku hiyo ilitoka Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, nayo ilikuwa ya aina ambayo watu wa kazi yetu huiita kwa namba tu, T32. Fedha zake hazikukusudiwa kugharimia jaribio la profesa fulani, bali kuwalea watafiti wapya. Tulikuwa na nafasi 8 za wanafunzi wa uzamivu. Kila mmoja alipata posho ya dola 22,476 kwa mwaka, sehemu ya ada yake ikalipwa, na programu ikapewa dola 4,200 kwa kichwa kwa ajili ya gharama zinazohusiana na mafunzo yake, kama vile bima ya afya na mahitaji ya maabara. Kwa mambo ya uendeshaji, yaani umeme, majengo, ofisi za fedha na makarani kama mimi, chuo kiliruhusiwa kutoza asilimia 8 tu, tena bila kuihesabu juu ya ada. Katika ruzuku za kawaida za utafiti chuo chetu kilikuwa kimekubaliana na serikali kiwango kilichozidi asilimia 50.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Ukiacha ada na nauli, posho za wanafunzi wetu pamoja na hizo 4,200 zilifika dola 213,408, na asilimia 8 yake ni dola 17,000 na kidogo. Mkuu wa utawala wa idara, bosi wangu, aliniandikia hesabu hiyo kwenye bahasha nilipompelekea ile taarifa. Hakuwa mwizi, na nasema hivyo kwa sababu ninapoisimulia habari hii watu huniuliza. Alikuwa na idara yenye nakisi na programu ambayo, kwa kila mwanafunzi aliyeipokea, ilimwachia kazi nyingi kuliko malipo. Alisema kwamba fedha za mafunzo zingebaki, kwamba mimi ndiye niliyeshughulikia posho za wanafunzi hao kila mwezi, na kwamba kwa hiyo hakuna uongo ukiandikwa kuwa nilifanya kazi kwa ajili yao. Sikuwa na jibu. Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba badiliko lenyewe la mgawanyo wa mshahara wangu lilipitia mikononi mwangu mwezi Januari, kwenye orodha ya majina kama thelathini, nami niliidhinisha orodha nzima bila kuisoma.

Jioni nilimpigia simu dada mmoja wa Mombasa, aliyekuwa amefanya kazi za ruzuku katika chuo kingine kwa miaka mingi kuliko mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

“Mdogo wangu, hebu niambie, hiyo asilimia nane yalipia nini?”

“Uendeshaji, dada.”

“Na wewe ni nani hapo idarani?”

Nikanyamaza.

“Wewe ndiwe uendeshaji. Umeshalipwa humo, kidogo au kingi. Sasa wataka ulipwe mara ya pili kwa mfuko wa watoto wa watu?”

Usiku huo nilirudi kwenye kanuni. Kanuni mpya za serikali zilikuwa zimeanza kutumika Desemba 26, 2014, lakini katika jambo hili zilifuata njia ya ule Waraka A-21 wa zamani, uliokuwa mwongozo wa serikali kuhusu gharama za vyuo: mishahara ya utawala na ya makarani kwa kawaida ni gharama ya uendeshaji, na wakati huo ukitaka kuitoza ruzuku moja kwa moja ilikuwa lazima kazi hiyo iwe sehemu ya lazima ya mradi, ijulikane ni ya nani, iwe kwenye bajeti au iwe na kibali cha maandishi, na isiwe inarudishwa pia kupitia kile kiwango cha uendeshaji. Mratibu wa programu angeweza kupita kwenye tundu hilo, kwa kuwa ndiye aliyepanga semina za wanafunzi na kuwafuatilia waliohitimu ili tuweze kuandika ripoti. Mimi sikupita. Mshahara wangu ulikuwa dola 48,000, kwa hiyo asilimia 10 kwa mwaka ingekuwa dola 4,800, yaani ningemaliza fungu lote la mwanafunzi mmoja na kuanza kulimega la mwenzake. Na posho za ruzuku hiyo hupewa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu. Mimi, Mtanzania mwenye viza ya kazi, nisingepewa hata nafasi moja kati ya zile nane, ila kwa mlango wa uhasibu nilikuwa nimeshaketi kwenye sinia.

Kesho yake nilimwambia bosi kwamba sitatia sahihi. Alinitazama kwa muda, akasema niandike maelezo mwenyewe. Fomu ya kuhamisha gharama ina nafasi ndogo ya kueleza kosa lilitokeaje, na kuandika “kurekebisha kosa” peke yake hakukubaliki. Niliandika kwamba mgawanyo wa mshahara wa mhasibu uliidhinishwa na mhasibu mwenyewe bila kuhakikiwa, kwamba kazi yake ni ya uendeshaji wa idara nzima, na kwamba dola 2,400 pamoja na mafao yake zirudishwe kwenye akaunti ya idara. Tulikuwa bado ndani ya siku 90 tangu kosa kugunduliwa, na ofisi kuu ya fedha haikuuliza swali hata moja. Fungu la mshahara wa mratibu lililotozwa ruzuku hiyo nalo lilipunguzwa likabaki lile lililoweza kuthibitishwa kwa kumbukumbu za kazi zake.

Bosi aliongea nami kwa ufupi sana hadi Agosti. Mshahara wangu wa Julai uliingia benki kama ulivyoingia ule wa Juni, senti kwa senti.