Nilivyoshusha kirikuu mbovu kutoka Lukozi mpaka Mombo kwa cheni na tairi la zamani

Kwanza mimi sio dereva wa kubabaisha. Kirikuu yangu, Suzuki Carry ile ya 660cc, nimekaa nayo mwaka wa pili sasa, na barabara ya Mombo Lushoto naijua kona kwa kona. Ila siku ile nilifanya ujinga na nitausema wote, maana walionishauri bado wapo kijiweni wanashauri wengine.

Ilikuwa viazi. Tajiri mmoja akaniambia kuna magunia manane bondeni huko chini ya Lukozi, kule milimani mbele ya Lushoto, nikamwambia boss hii haibebi manane, matano mwisho. Fundi wangu wa springi alikuwepo, akadakia: "Si nilikuongezea springi mbili mbili kila upande? Hiyo sasa hivi ni Canter." Ni kweli aliziongeza, alinichaji kama 80,000 na kitu hivi, gari likanyanyuka matako juu kama bata. Nikaamini. Asichoniambia ni kwamba ukiongeza springi, breki zinabaki zile zile, klachi ile ile, beringi zile zile. Gari linachelewa tu kulala nyuma, basi, unadanganyika kwa macho.

Na magunia yenyewe lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini la kule lina kilemba juu kimeshonwa kwa kamba, ukikadiria 130 bado unajipendelea. Mara nane. Hesabu ya darasa la tatu hiyo, sikuipiga. Juu ya magunia wakapanda vijana wawili wa kupakua na mama mmoja na kuku wake.

Dalili zilikuwepo. Usukani ukawa mwepesi, uzito wote umekaa nyuma na tairi za mbele zinagusa ardhi kwa heshima tu, nikikata kona gari linafikiria kwanza. Kulipoanza giza nikawasha taa zikawa zinamulika mikaratusi huko juu, kila bodaboda ninayekutana naye ananipigia fulu na matusi. Tukafika kile kilima cha mwisho kabla ya kutokea Lukozi, nikaweka namba moja, nikakanyaga, injini inalia gari haliendi, halafu ikaja ile harufu. Harufu ya klachi inayoungua ukishaisikia mara moja huisahau. Gari likaanza kurudi nyuma. Nimekanyaga breki mpaka goti linatetemeka, handibreki iko juu, bado linarudi taratibu. Mama aliruka na kuku wake kabla hata sijapiga kelele. Kijana mmoja akatupia jiwe nyuma ya tairi, gari likalipanda, akatupia la pili kubwa zaidi, likashika. Nilikaa pale kama dakika nzima mguu umeganda kwenye breki nasubiri mtu aniambie nitoke.

Mzigo tukashusha ukalala kwa wenyeji, matawi tukaweka barabarani mbele na nyuma.

Asubuhi watu wamejaa kama msiba. Fundi mmoja wa Lushoto nilimpigia akanitajia bei ya klachi nikadhani ananiuzia gari lingine, fundi ninayemwamini yuko Mombo, nikaamua livutwe mpaka huko huko. Hapo ndio ushauri ukaanza. Mmoja akasema: "Kaka, ukishafika Lushoto achana na kuvutwa, shuka na free, gia umetoa, mteremko mwanzo mwisho, gari linajipeleka." Huyu huwa namkumbuka usiku. Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 30 na kitu za kona tupu, upande huu mwamba, upande ule korongo, halafu nishuke na free! Gari lingejipeleka kweli, swali ni wapi.

Akaja shemeji na Noah yake. Tukanunua kamba ya katani, nene kabisa, si ndio Tanga hii. Shemeji akaifunga kwenye bampa langu. Nikamwambia shemeji mbona kuna kachuma ka kuvutia huku chini kwenye chesisi, akanijibu, "We shemeji ingia ndani ukae, nimeanza kuvuta magari wewe hujazaliwa." Kanizidi miaka minne. Akaondoka kama anakimbizwa, kamba ikakaza, paa! Nikaona bampa langu linaniaga. Linarukaruka nyuma ya Noah kama mbuzi anayepelekwa mnadani asiyetaka kwenda, vumbi linatimka, na shemeji ndani kafungulia mziki hana habari, anaamini mimi niko nyuma. Alienda nalo mpaka kona ya pili, mama mmoja aliyebeba ndoo ndio akamsimamisha akamuuliza baba hicho unachoburuza ni nini.

Alirudi kimya. Tukafunga kwenye chesisi, kamba tumeikunja mara mbili. Safari hii tulienda, tena vizuri, mpaka kwenye kamwinuko kamoja, Noah yenyewe oto na joto lishaanza kupanda, shemeji akapunguza mwendo, kamba ikalegea, akakanyaga tena ghafla. Ikakatika. Ncha moja ikarudi kama mjeledi ikapiga kioo changu cha mbele, ufa upo mpaka leo, umeanzia kona ya stika. Sekunde chache kabla kulikuwa na mtoto anavuka pale katikati ya magari. Tangu siku hiyo kamba ikiwa imekaza simruhusu mtu kukatiza, na naning'iniza gunia au koti zito katikati ili ikikatika idondoke chini isiruke.

Muda wote huo kulikuwa na mzee mmoja kakaa kibarazani anatuangalia, mwenye Landrover 109 ya zamani sana. Shemeji alipotupa kile kipande cha kamba chini, mzee akauliza, "Mmemaliza?"

"Tumemaliza mzee wangu."

Akaingia ndani akatoka na cheni mbili na tairi bovu. Nikajua sasa ndio nimekwisha, huyu anataka kuchoma kitu. Kumbe bwana! Cheni ya kwanza inatoka Landrover inashika tairi upande huu, cheni ya pili inatoka kwenye chesisi yangu inashika tairi upande ule. Tairi linakaa katikati linaelea. Landrover ikiondoka kwa nguvu, ule mshtuko unaliwa na tairi, linavutika kidogo kama mpira wa manati halafu ndio gari langu linafuata, wala hushtuki. Nilitamani shemeji aangalie ila alikuwa anajifanya anakagua maji ya rejeta.

Mzee akaniambia: "Kijana, kule mbele mimi ni injini tu. Breki ni wewe. Hiyo cheni nikiiona imelegea nashuka nakuacha." Na ndio siri yenyewe. Kwenye mteremko anayevutwa ndiye anayeshika breki, kidogo kidogo, cheni isilegee, ukilegeza tu unampanda wa mbele mgongoni. Simu tulijaribu kuweka lauspika ila mtandao kwenye kona unakuja na kuondoka, tukarudi kwenye honi, moja simama, mbili twende.

Kabla hatujatoka mshauri mwingine akachungulia dirishani eti zima injini, gari linavutwa unachoma mafuta ya nini. Nikazima, mpumbavu mimi. Hatua chache mbele nikakanyaga breki mara mbili tatu, pedeli ikawa ngumu kama nakanyaga jiwe, nikasimama kwa neema ya Mungu, shubiri moja kutoka kwenye lile tairi. Injini ikizimwa ile nguvu ya kusaidia breki inakata, na ukichomoa funguo usukani nao unajifunga. Klachi ndio iliyokufa, injini ilikuwa nzima, nikaiwasha ikaunguruma mpaka Mombo.

Lukozi mpaka Lushoto hakuna la kusimulia, vumbi tu. Kuanzia Lushoto kushuka nilikuwa siongei. Tulienda mwendo wa mtu anayewahi sokoni kwa miguu, mabasi yanatupita yanapiga honi, mimi macho kwenye tairi. Soni tukasimama kupoza, magurudumu yanatoa harufu na moshi mwembamba. Kijana wa boda kakimbia na dumu la maji anataka kumwagia, mzee akamshika mkono. Chuma cha moto ukikimwagia maji kinaweza kupasuka, acha kipoe chenyewe. Tukanywa chai na mihogo, mzee akala sahani mbili, kama nusu saa hivi.

Mombo tumeingia jioni, gari halina mkwaruzo, ukiacha bampa, ambalo nilikuwa nimelilaza nyuma, na kioo. Mzee alichukua hela ya mafuta na kama 70,000 juu, sikubishana. Tairi lake akaondoka nalo.

Fundi akafungua klachi, sahani imeisha imebaki rangi ya bluu. Akauliza ulibeba nini, nikasema viazi kidogo. Akanyamaza, akazunguka nyuma, akagonga geti kwa spana pale penye yale maandishi ya Kijapani. Yanaishia na 350kg. Siku zote hizo nimekuwa napaosha pale na sabuni nikijua ni namba ya modeli.

Sasa hivi napakia magunia mawili. Matatu kama hakuna mvua.