Katibu, hili faili halifunguki

Nilichaguliwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwa sifa moja tu: nina laptop. Hakuna aliyeuliza kama najua kuitumia. Yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Morogoro mjini kwa laki tatu na kitu, haikuwa na Word, ile programu ya kuchapia. Mpwa wangu, ambaye nyumbani tunamwita mtaalamu, akaniwekea LibreOffice. "Ya bure, mjomba, na inafanya kila kitu." Hapo hakudanganya, mpaka leo naitumia.

Balaa lilianza na muhtasari wa kikao cha kwanza. Nikauchapa, nikautupia kwenye grupu la WhatsApp. Haikupita nusu saa mama mwenyekiti akatuma sauti: "Katibu mwanangu, umetuma nini tena? Simu inaniambia nitafute programu." Wa pili akaandika hivyo hivyo, wa tatu naye. Faili lilikuwa na mkia wa .odt, ndio LibreOffice inaouweka usipoiambia vingine, na simu za wenzangu wengi hazikuwa na cha kulifungulia.

Nikampigia mtaalamu. Akacheka kwanza. "Jambo dogo hilo, mjomba. Nenda kwenye jina la faili, futa odt, andika doc. Basi."

Nikafuta, nikaandika. Nikalijaribu kwenye laptop yangu, likafunguka bila kinyongo. Nikajisifu grupuni kwamba tatizo limekwisha, kisha nikashika njia kwenda steshenari kuprinti nakala za wazee wenye vitochi. Ilikuwa msimu ule wanafunzi wa chuo wanakimbizana na ripoti, foleni imefika barazani. Kijana akachomeka flashi yangu kwenye kompyuta ya zamani, Office yenyewe, lile furushi la programu lenye Word, ni ya 2003, akabofya. Kioo kikajaa madude: vimraba, alama za kuuliza, herufi zenye vinukta kichwani, kurasa kwa kurasa. Kilichosomeka ni herufi mbili tu za mwanzo kabisa, PK. "Mzee," akasema kwa sauti iliyofika barazani, "flashi yako ina virusi, itoe haraka." Binti mmoja nyuma yangu akauliza kama hayo ni maandishi ya mganga. Niliondoka bila hata kudai mia tano yangu ya chenji, maana nilikuwa nimelipa kabla.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Jina la faili ni kibandiko. Ukibandika "maziwa" kwenye kibuyu cha togwa, ukimimina itatoka togwa. LibreOffice haikujali kibandiko, ilionja, ndiyo maana kwangu lilifunguka nikadhani nimepona. Na zile PK ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni muundo wa zip, kwa kuwa odt kwa ndani ni zip: furushi la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja. Hata docx, mkia wa mafaili ya Word mpya, ni hivyo hivyo. Docx ilikuja na Office ya 2007, kwa hiyo hata ningepeleka hiyo, kompyuta ile ya steshenari ingenuna vilevile.

Mjumbe mwingine akashauri nipige picha kioo cha laptop nitume. Nikatuma. WhatsApp ikaibana picha, mkopo wa mtu wa 350,000 ukasomwa 850,000. Yaliyofuata sitaki kuyazungumza.

Kilichonitoa ni PDF, faili linaloonyesha ukurasa vile vile ulivyopangwa. Kwenye LibreOffice kuna kitufe chake juu kabisa, nilikuwa nakiona kila siku nadhani ni pambo. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ndiyo maana simu ya mama mwenyekiti, yenye kioo kilichopasuka, inaifungua bila kuuliza. Jedwali linakaa pale pale nilipoliweka.

Nikanogewa, nikageuza kila kitu PDF, hadi daftari la hisa. Mweka hazina akanijia juu: "Sasa mimi najazaje humu, kwa kalamu?" Haki yake. Yeye sasa namtumia xlsx, faili la majedwali la Excel, maana ni wa kujaza. Wa kusoma tu ndio wanapata PDF. Katiba nayo niliiskani kwa rangi, ubora wa juu kabisa, kurasa kumi na nne zikawa faili la karibu MB 40. Watu walinilaani, mmoja bando lake la jero liliishia hapo. Nikaskani upya bila rangi, kwa ubora wa chini, ikashuka hadi MB mbili na ushee na inasomeka vizuri tu.

Kazi ninayojivunia ni ile ya afisa maendeleo ya jamii. Alitaka katiba ya kurekebishwa, siyo picha. Iliyokuwepo ni docx ya katibu aliyenitangulia, na kila kompyuta ilisema faili limeharibika. Nikakumbuka PK. Nikatengeneza nakala, nikafuta docx, nikaandika zip, nikaifungua. Ndani kuna folda inaitwa word, na ndani yake faili document.xml. Katikati ya msitu wa alama, maneno yote ya katiba yapo, ibara ya kwanza hadi ya mwisho. Niliyachambua usiku kucha kama mtu anayechagua mchele. Kubadili jina kule kule kulikoniaibisha, safari hii kukaniokoa!

Siku hizi chochote nakituma kwanza kwa mama mwenyekiti peke yake. Akijibu "imefunguka", ndipo kinaingia grupuni. Wenye vitochi nawaandikia meseji ya kawaida, mistari mitano.

Juzi mtaalamu kaniletea wasifu wake wa kuombea kazi, nimsomee kabla hajautuma. Ni odt. Kwangu ulifunguka vizuri kabisa, nikausoma wote. Nikamjibu: "Mpwa wangu, hili faili halifunguki."