Siku moja ya mwanafunzi wa masta ya mitandao, Glasgow, Desemba

Saa 1 asubuhi. Nje bado giza. Mwezi huu jua huchomoza mnamo saa 3 kasorobo. Huu ndio muda wa kupitia makala ya mhadhara: muhtasari kwanza, kisha grafu zote, kisha hitimisho. Hesabu zitasubiri. Ya leo inahusu msongamano. Oktoba 1986, kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu kilicho jirani nayo iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40, kwa sababu kompyuta zilikuwa zikirudia kutuma pakiti (vipande vya data) bila kupunguza mwendo. Van Jacobson alichapisha dawa yake mwaka 1988, na TCP ya leo, itifaki inayosafirisha data nyingi za intaneti, bado inaitegemea.

Saa 3, mhadhara. Aliyesoma anauliza, asiyesoma ananakili slaidi ambazo tayari zimepakiwa.

Saa 5, maabara. Kazi ni kuunganisha ruta mbili kwa OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana njia. Ping (pakiti ya kujaribu kama upande wa pili unajibu) inapita, ruta zinaonana, lakini ujirani unakwama kwenye hali ya ExStart, kabla ya ruta kubadilishana hifadhidata zao. Mara nyingi mchawi ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti: upande mmoja 1500, mwingine 1400. Pakiti za Hello, za kusalimiana, ni ndogo na hazitaji MTU, ndiyo maana zinapita. Zile za maelezo ya hifadhidata zinaitaja, na ruta ya 1400 inazikataa. Pima kwa ping ya baiti 1472 iliyokatazwa kugawanywa. Ukijumlisha vichwa vya baiti 28 unapata 1500 kamili. Ipo amri ya kuiambia OSPF ipuuze tofauti hiyo. Msiitumie: ujirani utakamilika, ila pakiti kubwa za watumiaji zinaweza kuendelea kupotea kimyakimya. Sawazisheni MTU pande zote mbili.

Saa 8 mchana, wali wa jana. Dar es Salaam ni saa 11 jioni, basi simu ya nyumbani ni sasa. Ukingoja usiku utawakuta wamelala.

Saa 9 alasiri, mradi, na hapa ndipo muda mwingi wa siku unapokwenda. Kwenye Mininet, programu ya kuiga mtandao ndani ya kompyuta moja, tunajenga njia ya megabiti 100 kwa sekunde yenye safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 80. Wengi huandika 80 kwenye kila kiungo na kushangaa. Ukiwa na viungo viwili, ucheleweshaji unahesabiwa mara nne katika safari nzima, kwa hiyo andika 20. Ping ya kwanza itupe, maana ina ARP (kuulizia anwani ya kifaa cha jirani) ndani yake. Njia hiyo hubeba megabaiti 1 ikiwa safarini, karibu pakiti 667 za baiti 1500. Ukiweka foleni ya pakiti 20 tu zinazosubiri kwenye kiungo, CUBIC, kanuni ya TCP ya kupanga kasi, itapoteza pakiti mapema na kasi itashuka. Usikimbilie kuandika kwamba CUBIC ni mbovu: foleni ndiyo fupi.

Endesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwa sekunde 60, ondoa 5 za mwanzo, rudia mara kumi. Kuna mtego mmoja: Linux hukumbuka vipimo vya muunganisho uliopita, kwa hiyo jaribio la pili huanza na kumbukumbu ya la kwanza. Safisha kwa `ip tcp_metrics flush` kila raundi. Na tazama CPU: laptopu ikielemewa, unapima laptopu, hupimi mtandao.

Saa 12 jioni, kibarua. Viza ya Uingereza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, Jumatatu hadi Jumapili. Zamu tano za saa nne zimejaza kikombe. Bosi akiomba uongeze hata saa moja, kataa.

Saa 4 usiku. Matokeo ghafi, skripti na toleo la kerneli (kiini cha Linux) vinaingia Git, hifadhi inayotunza kila badiliko, kwa pamoja. Grafu peke yake msimamizi atairudisha na swali moja: foleni ilikuwa ya pakiti ngapi?