Majike wangapi?

Bi mkubwa wa nyumba ya pili kapiga simu Ijumaa baada ya Isha kumuulizia paka wake Chausiku, aliyeniachia, na maneno yake mpaka leo yamenikaa kooni.

"Kazaa?"
"Kazaa, bi. Salama salimini."
"Alhamdulillah. Wangapi?"
"Wanne."
"Majike wangapi?"
"Watatu."
"Aa." Kimya. Kisha: "Haya basi, mwanangu."

Kanambia mzee anaendelea vizuri huko hospitali ya Mnazi Mmoja, tukaagana. Nikabaki na ile "Aa". Nikiosha vyombo naisikia, nikipima bizari dukani naisikia. Harusi ya wifi yangu imepita wiki hii hii, pilau limetosha na kusazwa, na mimi katikati ya vigelegele nasikia "Haya basi" tu.

Wengi hapa Wete, Pemba, tunajua paka jike hufanywa nini. Hutiwa polo, akapelekwa dikoni, akaachwa huko ahangaike na matumbo ya samaki. Dume husalia, kwa kuwa dume haleti mimba nyumbani. Nilitamani nimkumbushe hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, akaingia Motoni kwa sababu yake. Sikuthubutu. Bi yule ndiye aliyenisomesha Juzuu Amma mimi na dada zangu.

Na Chausiku si wangu, ni amana. Kaletwa tumbo limeshashuka na chuchu zimeshaiva, nami nikajua hana muda, maana paka hubeba mimba siku 63 mpaka 65 hivi. Siku yenyewe kagoma kula tangu asubuhi, akawa anaparura khanga nilizomtandikia kwenye boksi na kunililia kila nikinyanyuka. Nikafunga duka nikakaa naye. Kila mtoto katoka na kifuko chake, mama akakichana kwa meno, akakata kitovu, akala kondo, akamlamba mpaka kikasikika kile kilio chembamba. Mimi nilikuwa nahesabu makondo, kwa sababu moja likibaki ndani humtia mzazi maradhi.

Mtoto wa mwisho ndiye aliyenikosesha usingizi. Kwenye mzani alikuwa gramu 70 na kidogo, wenzake wanakaribia 100. Mtoto wa paka hutakiwa aongeze gramu kama 10 kila siku, na huyu kesho yake alikuwa palepale. Walikuwa wanamsukuma. Kila aliyepita kanishauri nimpe maziwa ya ng'ombe, nikakataa, yatamharisha, na kiumbe mdogo vile akiharisha unamzika. Nikawa namweka mwenyewe kwenye chuchu za nyuma, zile wenzake wanazozigombania, nimemzuia kwa kiganja mpaka ashibe. Mama naye nikamzidishia vichwa vya changu vya kuchemsha, bila chumvi. Anayenyonyesha wanne hula mara mbili ya kawaida na bado akatazama sahani.

Nilijipa moyo kwamba huenda nimeona vibaya, maana watoto wachanga wa paka jike na dume hawatofautiani sana. Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenikatisha tamaa. Kaniambia, mama, kinachoamua rangi nyeusi au ya manjano hukaa kwenye kromosomu X, uzi mmojawapo wa urithi. Chausiku ni mweusi mwenye kifua cheupe, baba yao bila shaka ni lile dume la manjano la msikitini. Dume huchukua X moja tu, ya mama, ndiyo maana yule mmoja ni mweusi. Majike huchukua ya mama na ya baba, wakatoka na mabaka meusi na ya manjano. Hao watatu wote wana mabaka. Hata akija kuwatazama kwa mbali, bi atajua.

Lakini leo asubuhi boksi tupu! Moyo umenipasuka. Nikazunguka nyumba nzima, kumbe kawabeba mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, kawalaza kabatini juu ya kanzu za baba watoto, zile za Ijumaa. Nikamwita baba watoto aje aone. Kasimama, kainama, kasema, "Waache." Kisha akaniita nitazame yule mdogo: jicho moja limefunguka, la buluu, linaangaza asichokiona bado. Nimempima, ana gramu 140. Nimelia kabatini.

Kesho nampigia bi. Nitamshika moo, kisha nitamwomba majike wasitoke kwangu kabla ya miezi miwili, na Chausiku nimpeleke kwa bwana mifugo afungwe kizazi, gharama yangu. Yule mdogo nitamwomba awe wangu kabisa.

Na wasiwasi mwengine: mdogo wangu kaanza kupanda juu ya mikarafuu tena na goti lake halijapona. Tawi la mkarafuu halina simile, hukatika bila kulia. Nimemtumia ujumbe aweke mchumaji, nitasaidia kumlipa. Mpaka sasa hajajibu.