Siku Shangazi Alipotaka Asomewe Maneno Yake

Binti yangu amechaguliwa kuwa karani wa chama cha mazingira shuleni kwao. Jana jioni alinijia jikoni na daftari jipya, akaniuliza: "Mama, mtu akizungumza mkutanoni, niandike yote anayosema au nifupishe?" Nilikuwa nakuna nazi. Jibu lilikuwa mdomoni tayari, afupishe, maana ndivyo tulivyofunzwa sote, lakini halikutoka. Akilini nilimwona Shangazi amesimama katikati ya ukumbi, siku kaunti ilipokuja kusikiliza maoni yetu ya bajeti, leso ameikaza kiunoni, mvua inapiga mabati juu ya vichwa vyetu.

Ilikuwa Mei 2015, masika yameshika. Huku kwetu ufuoni miezi hiyo ni mizito. Kusi limeingia, bahari imechafuka, ngalawa nyingi zimevutwa juu mchangani, na samaki wachache wanaopatikana hunadiwa kwa bei ya kumtia hofu mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki wa kuuza. Ndiyo pia miezi ya bajeti. Sheria ya Kenya ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti ifikishe makadirio yake kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Katikati hapo ndipo kamati ya bunge hutoka kuwasikiliza wananchi. Ugatuzi, yaani kugawia kaunti madaraka, ulikuwa mchanga bado. Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na sisi tulikuwa tungali tunajifunza shida ipi ipelekwe mlango gani.

Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Gari la kamati lilifika karibu saa sita, matairi yamejaa tope. Dua ikasomwa, mchungaji naye akaomba, kisha karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mezani palikuwa na kitabu kinene cha makadirio, kwa Kiingereza, na nakala mbili tatu za muhtasari zilizogombaniwa na vijana wa mbele. Afisa wa fedha alieleza vizuri, nimpe haki yake. Alisema sheria inataka asilimia isiyopungua 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kwamba sehemu kubwa ya kinachobaki humezwa na mishahara. Watu waliguna.

Wakaanza kutoa maoni. Barabara ya kwenda shuleni imekatika. Zahanati ina muuguzi mmoja, na akienda likizo hakuna mtu. Chekechea imeezuliwa paa, watoto wanasomea chini ya mwembe. Mzee wa mtaa akataka kituo cha polisi kiongezewe askari, akajibiwa kwamba hilo ni la serikali ya kitaifa. Kijana mmoja akalalamikia vitambulisho, jibu likawa lile lile. Mama mmoja akauliza habari za walimu wa shule ya msingi, naye vivyo hivyo. Afisa hakukosea, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ndivyo linavyogawa kazi: polisi na shule za msingi kule Nairobi, na zahanati, chekechea, masoko, uvuvi na huduma za maji huku kwa kaunti. Lakini niliwaona wale waliojibiwa hivyo wakiketi mmoja mmoja, wakajikunyata kama kuku walionyeshewa. Walikuwa wametembea kwenye matope kuja kusema jambo hilo moja.

Ndipo Shangazi akainua mkono.

Wale mnaomjua mnajua kwamba si mtu wa mikutano. Maisha yake yote ni karai, kuni na samaki. Ndiye aliyetulea kwa changu wa kukaanga. Siku ile alikuwa ameliacha jiko mikononi mwa binti yake, na harufu ya mafuta ilikuwa bado kwenye leso. Alipewa kipaza sauti, akakirudisha. Akasema sauti yake inatosha.

Alisema hivi. Mwaka uliopita, ukumbi huo huo, alisimama akazungumzia maji ya pale wanapokaangia samaki. Bomba likachimbwa kweli, na anashukuru. Ila lilifika kwenye ukuta wa ghala la barafu likakomea hapo. Majiko ya kina mama yako upande wa pili, hatua 60, na hizo hatua amezipiga mwenyewe. Kwa hiyo maji yapo, wanayaona, lakini kila asubuhi wananunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na siku ya samaki wengi mitungi haihesabiki. Maji hayo ndiyo ya kuoshea samaki, na mikono, na makarai. Yakiisha katikati ya kazi, mtu hukaanga alivyo navyo. Akasema: "Na nyinyi ndio mnaokuja kula."

Mwenyekiti wa kamati akaitikia kwa kichwa. "Asante sana, mama. Tumelichukua."

Shangazi hakuketi. "Mmelichukua, mmeliweka wapi?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka, na kicheko kikaisha. Akamwelekea msichana aliyekuwa akiandika pembeni mwa meza. Alikuwa kijana wa rika langu, amevaa buibui, daftari kubwa la jalada gumu mbele yake. Shangazi akasema, kwa upole kabisa: "Namwomba binti huyu anisomee alichoandika."

Mwenyekiti akatazama saa. Akasema wadi nyingine inawangoja, na kwamba ripoti itatoka, kila mtu ataiona.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "mwaka jana pia niliambiwa ripoti itatoka. Mimi Kurani nasoma, alhamdulillahi, lakini maandishi yenu hayo siyajui. Hiyo ripoti hata mkiniletea mlangoni, nitaitazama tu. Kusikia najua. Nisomewe sasa, nikiwa hapa, nasikia."

Mvua ikazidi. Hakuna aliyesogea. Nakumbuka maji yakidondoka kwenye kona ya ukumbi, tundu la siku zote, na mtu akasukuma ndoo kwa mguu ili yadondokee ndani. Yule msichana alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama mheshimiwa wetu wa wadi, naye akatazama meza. Kisha mwenyekiti akasema, "Msomee."

Akafungua ukurasa. Alisoma kwa sauti ndogo, na Shangazi akamwomba aanze tena, kwa nguvu, mvua inamfunika. Akaanza tena: "Mwananchi ameomba huduma za maji ziboreshwe katika eneo la ufuo."

Shangazi aliinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo akisikiliza mtoto akimsomea sura aliyohifadhi, akingojea zaidi. Hapakuwa na zaidi.

"Huyo mwananchi ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Basi sikusema hivyo." Hakupandisha sauti. "Sikuomba maji. Maji mmeleta. Nimesema bomba limekomea ukutani. Ukiandika nimeomba maji, bwana mkubwa atasoma huko aseme, hawa si tuliwapelekea maji mwaka jana? Atageuza ukurasa. Na ana haki ya kugeuza, kwa hayo uliyomwandikia."

Msichana akauma mdomo. Nilidhani atalia. Badala yake akafungua ukurasa mweupe, akasogeza kiti karibu, akasema: "Niambie taratibu, shangazi, niandike."

Alimwita shangazi. Hakuna aliyemwambia amwite hivyo.

Ikawa imla mbele ya watu wote. Bomba limekomea kwenye ukuta wa ghala la barafu. Hatua 60 hadi kwenye majiko. "Umeandika sitini?" Nimeandika. Mtungi shilingi 20. Kina mama wanaokaanga pale ni hawa na hawa, na waliokuwamo ukumbini wakasimama mmoja mmoja wahesabiwe. Ombi ni bomba lisogezwe, na likisogezwa pawe na mfereji wa maji machafu, maana yakituama yataleta inzi kwenye samaki. Kalamu ikatembea. Mwishoni msichana akasoma yote, kwa sauti ya kutosha sasa, na kila sentensi Shangazi aliitikia: "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo hayo."

Akaketi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa pembeni yake, nikaishika.

Mvuvi aliyezungumza kabla yake akasimama, akasema naye asomewe. Akafuata yule wa barabara, na mama wa chekechea. Mwenyekiti angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemzuia. Alivua koti, akaliweka nyuma ya kiti, akasema: "Haya, kila mmoja atasomewa lake." Nilimheshimu mtu yule kwa neno hilo na namheshimu hadi leo. Mkutano ulikwisha baada ya adhana ya alasiri. Sentensi nyingi zilirekebishwa.

Yaliyofuata nitayasema haraka. Bajeti ilipitishwa. Miezi kadhaa baadaye nilipanda matatu hadi makao makuu ya kaunti kuitafuta ripoti ya kamati. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mwananchi haki ya kupata habari na nyaraka kwa wakati, nami nilikuwa nimekinakili kwenye karatasi nikiogopa kufukuzwa. Sikufukuzwa. Nilipewa ripoti niisome pale pale kwenye benchi. Wadi yetu ilikuwa na nusu ukurasa. Kuhusu ufuo palikuwa na mstari mmoja: wakazi waliomba kuboreshewa huduma za maji.

Niliusoma mara nyingi. Sikuona ghala, wala ukuta, wala zile hatua 60. Hakuna aliyesema uongo katika ripoti ile. Kati ya daftari la yule msichana na kitabu kile, mtu aliketi mezani kwake akafupisha, labda ana wadi nyingi za kumaliza kabla ya jioni. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningempata aliyefuta kwa makusudi, ningejua niende kumlalamikia nani.

Nilimwambia Shangazi ukweli wote. Aligeuza samaki karaini, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini yule binti aliandika. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Kisha uchaguzi wa Agosti 2017 ukaja na ahadi zake. Mwaka uliofuata mafundi wakaja ufuoni na sururu, wakauliza majiko ya kina mama yako wapi, wakachimba kutoka ukuta wa ghala hadi pale. Bomba likafika. Mfereji wa maji machafu haukuwamo.

Binamu yangu, ambaye ameshiriki kampeni nyingi kuliko mimi, anasema bomba lile ni kura, mengine ni hadithi. Wagombea waliona kina mama wako wengi pale, wakapiga hesabu. Inawezekana, na sina ushahidi wa kumpinga. Shangazi anasema ni maneno yake yaliyosomwa siku ile mbele ya watu. Kwamba kitu kikishasemwa hivyo na kuandikwa, hakipotei, kinachelewa tu. Mimi nabaki na swali la mafundi. Mtu aliyesoma ule mstari mmoja wa ripoti hawezi kujua kwamba kuna majiko upande wa pili wa ukuta. Nani aliwaambia? Huenda ni mgombea, au mheshimiwa mwenyewe, ambaye baada ya siku ile hakuweza tena kujifanya hajui. Na huenda kuna ofisa aliyefungua lile daftari.

Nimelitafuta. Ofisi zimehama, makarani wamebadilishwa, na kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwingine. Nalitaka kwa sababu ndani yake, kama lingalipo, mna ukurasa wenye ukuta wa ghala na hatua 60 na mtungi wa shilingi 20, na inzi, na majina ya kina mama waliosimama wahesabiwe. Sijui karatasi nyingine yoyote ya serikali iliyowaandika hivyo. Baadhi yao wameshafariki. Yule msichana wa buibui sikuwahi kujua jina lake. Kama unasoma hapa, dada, au kama unamjua, naomba unijulishe daftari lile lilienda wapi. Jalada lake lilikuwa gumu, jeusi, na pembe zake zilikuwa zimeingia maji ya mvua.